Kilo za Miezi Haziondoki kwa Siku

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wahitimu wetu, ambaye ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni hapa. Tumeichapa kama ilivyosomwa, kwa kuombwa na wengi waliokuwapo.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, ndugu zangu tuliosoma hapa, na nyinyi wanafunzi ambao leo mmekalia mabenchi tuliyoyakalia sisi:

Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba niwape vijana maneno ya kuwafaa wanapoondoka shuleni. Nilifikiri niseme juu ya mitihani, au juu ya utumishi wa Serikali ambao ndio kazi yangu. Lakini juu ya mitihani walimu wapo, na juu ya utumishi nyaraka zipo. Kwa hiyo nimechagua jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishinda, kwa kuwa naona kijana hujifunza zaidi kwa mtu anayesimulia alivyoanguka. Nitasema juu ya uzito wa mwili, na juu ya kijana anayetaka kuingia jeshini hali amebeba kilo nyingi kuliko zile anazoweza kuzikimbiza.

Naona baadhi ya wenzangu wa safu ya mbele wameanza kuvuta makoti yafunike matumbo. Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu. Zamu yenu itafika mwishoni.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tangu mwaka 1966 wasomi walitakiwa kwa sheria kupita humo, na utaratibu huo ukaendelea hadi uliposimamishwa mwaka 1994. Wazee wetu waliomo humu ukumbini wanajuana kwa majina ya operesheni zao. Mkiwasikiza wakati wa chakula mtadhani ni ukoo mmoja. Mwaka 2013 utaratibu ukarudishwa, na sasa vijana wanaomaliza Kidato cha Sita huitwa kambini kwa mujibu wa sheria. Sisi wa rika langu tuliangukia katikati. Tulimaliza shule wakati ambapo hakuna aliyetuita. Tulitoka kwenye mchakamchaka wa shule tukaenda moja kwa moja kwenye viti, na wengi wetu hatujainuka mpaka leo.

Nyinyi mtaitwa. Mtapewa orodha ya vitu vya kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokoza inayofika magotini, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba, shuka, soksi ndefu nyeusi. Na atakayetaka kuendelea hadi Jeshi la Wananchi atasoma katika tangazo kwamba anatakiwa kuwa na afya njema ya mwili na akili timamu, na awe amepita JKT. Katika matangazo niliyoyasoma mimi sikuona mahali palipoandikwa kilo. Kijana akisoma hivyo hufurahi, akadhani kilo hazihesabiwi. Zinahesabiwa. Anayezihesabu ni uwanja, siku ya mbio, mbele ya watu.

Nilimaliza Kidato cha Sita hapa mwezi wa Februari 2002. Nilikuwa na urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 66. Kilo hizo hazikuwa sifa yangu. Zilikuwa kazi ya shule. Tuliamka saa 11 alfajiri, tukakimbia mchakamchaka upepo wa Singida ukitupiga usoni, tukarudi kufagia, na bomba likikauka tukaenda kuchota maji kwa ndoo. Chakula kilikuwa ugali na maharage, kwa kipimo ambacho mpishi hakuwa tayari kubishana juu yake. Kwa sufuria ile kunenepa hakukuwezekana.

Baada ya hapo nilikwenda Dar es Salaam kwa baba mdogo, ambaye alikuwa na duka. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta tangu saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi manne, mchana wali, usiku chipsi mayai kutoka kwa jirani. Friji ya soda ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Kuifungua hakukunilazimu hata kusimama. Ilipofika katikati ya mwaka 2003, miezi 16 baada ya kuondoka hapa, nilikuwa na kilo 84. Hakuna aliyeniambia neno baya. Nilipokuja nyumbani mama yangu aliwaita majirani waje waone jinsi mwanawe alivyopendeza, na jinsi mjini wanavyomtunza. Kwetu sisi, mtoto akirudi mnene, nyumba inasifiwa.

Sasa, baba yangu alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978, akarudi mwaka 1979. Hakuwa msemaji. Picha yake akiwa na sare ilitundikwa sebuleni, na mimi tangu utoto nilikuwa nikisimama chini ya picha ile nikijipima. Nilitaka kuwa askari kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Na katika mwaka ule wa 2003 ikaja habari kwamba kuna usaili wa vijana, na kwamba zimebaki siku 18.

Nilifanya yale ambayo nadhani baadhi yenu mngeyafanya. Niliacha kula, isipokuwa mlo mmoja mdogo wakati wa jioni. Niliacha maji, nikinywa chai ya rangi kikombe kimoja asubuhi. Saa 7 mchana, jua likiwa kichwani, nilivaa koti zito la baridi nikakimbia nitoke jasho. Siku nne za mwisho nilinunua dawa ya kuharisha katika duka moja la dawa, nikaimeza kila usiku. Kila asubuhi nilipanda mizani. Kilo zilishuka kweli: 84, 82, 80, na asubuhi ya usaili 78. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani nimeshinda.

Katika mbio nilianza vizuri, hata nikawapita wengine. Kisha miguu ikawa kama si yangu. Nakumbuka nilihisi baridi, mchana kweupe, nikashangaa kwa nini nasikia baridi. Baada ya hapo sikumbuki. Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya mti, nimelowa maji, na afande mmoja wa tiba ananipepea kwa karatasi za usaili. Aliniuliza nilikula nini jana, na nilikunywa nini. Nilimwambia kweli yote. Akatikisa kichwa, akasema: “Kijana, wewe umekuja umejikausha. Mafuta yako yote umekuja nayo.”

Jina langu halikusomwa. Nilirudi nyumbani Singida kwa basi, na usiku ule nikamweleza baba. Nilijua atanilaumu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Ulikuwa na muda gani wa kujitayarisha?” Nikasema, siku 18. Akasema: “Hapana. Ulikuwa na miezi 16.”

Ndugu zangu, hiyo ndiyo hotuba yangu yote. Ningeweza kukaa chini sasa. Lakini nimekuja na hesabu kidogo, kwa kuwa wanafunzi wa siku hizi hawaamini maneno matupu, na wanafanya vizuri.

Mwili huweka akiba yake katika mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni sawa na kalori 7,700 hivi, zile kalori zinazoandikwa kwenye makopo ya vyakula. Mimi nilipunguza kilo 6 kwa siku 18. Kama zote zingekuwa mafuta, ingenibidi kila siku nipungukiwe na kalori zaidi ya 2,500, yaani karibu chakula chote cha kijana kwa siku nzima, kila siku, bila kukosa. Haiwezekani. Basi zile kilo zilikuwa nini? Sehemu kubwa ilikuwa maji. Lita moja ya jasho ina uzito wa kilo moja. Ukitoka jasho lita mbili mizani itashuka kilo mbili, na ukinywa lita mbili zitarudi zote kabla ya chakula cha jioni. Sehemu nyingine ilikuwa kile kilichokuwamo tumboni. Na sehemu nyingine, hii ndiyo mbaya zaidi, ilikuwa misuli, kwa maana mwili unaonyimwa chakula hula hata miguu yake wenyewe. Nilijinyima maji ambayo yangenipoza, nikala misuli ambayo ingenikimbiza, na mafuta yakabaki mahali pake. Mizani niliidanganya. Mwili haukudanganyika.

Madaktari wanakubaliana kwamba kwa watu wengi kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndio mwendo salama. Fanyeni hesabu wenyewe: mwenye kilo 10 za kupunguza anahitaji wiki 10 hadi 20. Hakuna njia ya mkato ambayo wakubwa wanaijua na sisi tumefichwa. Jeshi la Marekani, lenye fedha na madaktari wa kila namna, lilikuta vijana wengi wanaotaka kujiunga wamezidi kiwango cha mafuta mwilini. Mwaka 2022 likaanzisha mafunzo ya matayarisho huko Fort Jackson, ili vijana hao wapunguzwe kwanza kabla ya kuanza ukuruta wenyewe. Wamewapa muda gani? Hadi siku 90. Ikiwa wao, pamoja na wapishi na wakufunzi wao, wanahesabu kwa miezi, mimi na koti langu la baridi tulikuwa tunatafuta nini kwa siku 18?

Mtu atauliza: nitajuaje kama nimezidi? Kipimo cha kuanzia ni rahisi, na kila mwanafunzi wa hesabu anaweza kukifanya. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi siku ya kumaliza shule: 1.70 mara 1.70 ni 2.89, na 66 gawanya kwa 2.89 ni karibu 23. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 25 ni sawa. Kuanzia 25 umeanza kuzidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo, na hapo muone mganga kabla hujaanza kukimbia. Nilipokuwa dukani nilifika 29. Kipimo hiki kina kasoro yake, kwamba hakitofautishi misuli na mafuta, na mcheza mieleka anaweza kuonekana amezidi. Lakini msijifariji haraka kwamba nyinyi ni wacheza mieleka. Na yule ambaye hesabu yake iko chini ya 18.5 naye ajue kwamba hajapona. Huyo anahitaji kula zaidi, na mbio zake zitakuwa na taabu nyingine.

Sasa niwaambie habari ya pili, yenye mwisho mzuri kuliko ya kwanza. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa anaishi kwangu hapa mjini, akisoma kutwa katika shule moja. Yumo humu ukumbini. Nimemwomba ruhusa akanipa, kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nisimtazame. Januari 2024 alikuwa Kidato cha Sita, na alijua kwamba mwezi wa Juni ataitwa kambini. Jioni moja akaniambia: “Mjomba, mwezi wa tano nikimaliza mtihani nitafunga wiki mbili, nipungue.” Nilihisi ule ubaridi wa mwaka 2003 ukinipita mgongoni. Nikamwambia, kesho asubuhi tunakwenda kupima.

Urefu mita 1.74, uzito kilo 92. Hesabu yake ilizidi 30 kidogo. Mganga akampima mapigo ya moyo, damu na sukari, akamruhusu. Akamuuliza pia kama kuna ugonjwa wa sikoseli katika ukoo. Nilishangaa, lakini akatueleza kwamba hata mtu asiyeumwa, aliyerithi ugonjwa huo upande mmoja tu wa wazazi, anaweza kupata hatari akisukumwa sana kwenye joto bila kupewa maji wala mapumziko. Ni vizuri kijana ajue kabla, na mwenye nayo awaambie wakufunzi bila kuona haya.

Tulikuwa na wiki 20. Hatukununua chakula chochote cha ajabu. Wakati huo mpwa wangu alikuwa anakunywa soda mbili kwa siku. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 40, kama vijiko tisa vya chai, ambazo ni karibu kalori 150. Soda zikaondoka: kalori 300. Halafu tukazungumza na mke wangu juu ya mafuta. Sisi watu wa Singida tunajivunia alizeti yetu, na tuna haki. Lakini kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, hata yawe ya alizeti yetu wenyewe, ni kalori 120. Tukapunguza vijiko viwili kwa sahani yake: kalori 240. Kisha akaanza kukimbia. Kwa makadirio, mtu hutumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia. Yeye kwa kilomita 2 alitumia kama 180. Jumlisheni: 300, na 240, na 180, ni 720 kwa siku. Hizo ndizo zilizofanya kazi yote.

Tazameni kwamba sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilitoka mezani. Vijana hudhani kwamba watakula watakavyo, kisha watakimbia ziishe. Mtu wa kilo 80 anahitaji kukimbia kilomita 96 ili kuchoma kilo moja ya mafuta. Ukitoka hapa Singida kwa barabara ya Manyoni, umeipita Ikungi na umeshamaliza zaidi ya nusu ya safari. Mbio zina faida yake kubwa: zinajenga mapafu, moyo na miguu, na bila hizo hutafika popote kambini. Lakini kilo huanza kuondoka pale sahani inapopunguzwa.

Ugali hakuacha. Asiwadanganye mtu kwamba lazima uache ugali. Alikula wa mtama au wa uwele, kipande cha ukubwa wa ngumi yake, mboga ikawa nyingi kuliko ugali: mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga. Maharage kila siku, mayai, na mara moja kwa wiki kuku wetu wa kienyeji, wa kuchemsha. Chakula chenye kujenga mwili kama maharage na kuku hakipunguzwi, kwa sababu ndicho kinacholinda misuli wakati mafuta yanaondoka. Maji alikunywa kila aliposikia kiu, na kabla ya mbio na baada yake. Usiku alilala saa 8, pamoja na kwamba alikuwa na mtihani; asiyelala hushikwa na njaa ya sukari siku nzima.

Wiki mbili za kwanza alitembea tu, nusu saa kila alfajiri, kuelekea Ziwa Singidani na kurudi. Mtu mzito akianza kwa mbio magoti yake humshitaki. Wiki ya tatu alikimbia dakika moja akatembea mbili. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa anakimbia dakika 20 bila kusimama, na siku nyingine anapiga pushapu na kuchuchumaa, siku moja kwa wiki anapumzika. Mizani alipanda mara moja tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi. Kuna wiki tatu mfululizo katika mwezi wa nne ambapo kilo hazikushuka hata kidogo. Hapo ndipo alipotaka kuniacha. Akasema: “Mjomba, hii haifanyi kazi, nipe ile ya koti.” Nilikuwa nimemsimulia. Nikamjibu kwamba koti lile nililigawa zamani. Wiki iliyofuata mizani ikashuka.

Mwanzoni mwa Juni alikuwa na kilo 79. Kilo 13 kwa wiki 20. Bado alikuwa amezidi kidogo kwa ile hesabu yetu, na nilimwambia hivyo. Lakini aliingia kambini akiwa anaweza kukimbia. Anasema hakuwa wa kwanza katika kombania yake na hakuwa wa mwisho. Wiki ya kwanza, wenzake wengine walipobebwa kwenye kivuli, yeye alisimama katika mstari wake. Baada ya miezi 3 alirudi na kilo 75. Cheti chake cha JKT kipo nyumbani ndani ya bahasha, naye anasubiri tangazo. Sijui kama atachukuliwa. Nafasi ni chache na vijana ni wengi. Ninachojua ni kwamba jina lake lisiposomwa, sababu haitakuwa ile yangu.

Wanafunzi, katika mkoa huu huu, huko Ikungi, alizaliwa Alphonce Simbu, ambaye ni askari wa Jeshi letu la Wananchi. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki kule Rio de Janeiro. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya dunia kule London. Kisha ikapita miaka 8. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, baada ya kilomita 42 na ushei, alimpita Mjerumani kwenye mstari wa mwisho, kwa tofauti ambayo ilibidi itazamwe kwa picha, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu ya mashindano ya riadha ya dunia. Watu walisema alishinda kwa sekunde ile ya mwisho. Mimi niliyeanguka chini ya mti nasema alishinda kwa ile miaka 8.

Kabla sijamaliza nitoe maonyo matatu, na naomba wanafunzi wayaandike.

La kwanza: msinunue vidonge wala chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi na mitaani. Chai nyingi za namna hiyo ni dawa za kuharisha zilizopewa jina zuri. Baadhi ya vidonge katika nchi mbalimbali vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo.

La pili: msikimbie jua kali mkiwa na makoti au mifuko ya plastiki mwilini. Mwenzenu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, au kusikia baridi kwenye joto, hiyo si uvivu. Mtoeni juani, mvueni, mmwagieni maji mengi, mpepeeni, na mpelekeni hospitali upesi. Mtu hufa kwa hali hiyo. Na mtu akiona mkojo wake umekuwa na rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali, asisubiri kesho. Misuli yake inavunjika na figo zake zimo hatarini.

La tatu: msicheke aliye mnene. Mpwa wangu alichekwa sana alipoanza, na asubuhi nyingine alitoka kukimbia giza likiwapo ili asionekane. Anayechekwa hukimbilia njia ya siku 18.

Nimebakiza zamu ya wenzangu wa makoti. Ndugu zangu, hatutaitwa kambini, umri umetupita. Lakini shinikizo la damu na kisukari navyo vina usaili wao, na havitangazi siku. Tumekaa kwenye viti miaka 20. Tusidai kusimama kwa wiki moja.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja, Ndugu Mwenyekiti. Shule yetu haina mizani. Nimeuliza nikaambiwa iliyokuwapo iliharibika. Mimi nitanunua moja iliyo nzuri, pamoja na kipimo cha urefu, viwekwe katika chumba cha huduma ya kwanza, na kuwe na daftari ambalo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tano ataandikwa siku anapoingia, naye aitunze hesabu yake mwenyewe hadi anapomaliza. Wenzangu nawaomba mchangie raba, kwa maana wapo vijana humu wanaokimbia mchakamchaka kwa kandambili. Anayeingia Kidato cha Tano ana karibu miaka miwili mbele yake. Asije akatuambia alikuwa na siku 18.

Baba yangu alifariki mwaka 2011. Ile picha ya sare sasa iko kwangu, na mpwa wangu huisimamia chini kama nilivyofanya mimi. Yeye ana haki ya kuitazama moja kwa moja.

Kesho saa 12 asubuhi, kabla ya ibada na kabla ya chai, nitakuwa getini na raba zangu. Tutakwenda hadi ziwani na kurudi. Vijana watakimbia, sisi tutatembea, na atakayechoka atakaa juu ya mawe atungojee. Makoti tuyaache bwenini.